Rais Aliyetaka Kushinda kwa Kura Tatu

Nchi yetu ni ya kidemokrasia, na jambo hilo halina ubishi, kwa sababu ubishi ulifutwa na Sheria Namba Nane mwaka ule ule tuliopata bendera mpya. Jina la nchi nimeombwa nisilitaje, nchi nyingine zisije zikaiga. Nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na mengine yalitokea nikiwa nimeshika kalamu.

Naitwa Mfaume. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa karani daraja la tatu katika Idara ya Matokeo. Wageni huichanganya na Tume ya Uchaguzi, lakini ni ofisi mbili tofauti. Tume hushughulika na kupiga kura, nayo ilikuwa na chumba kimoja nyuma ya gereji ya serikali. Idara ya Matokeo hushughulika na matokeo, nayo ilikuwa na ghorofa tano na lifti. Matokeo tuliyaandaa miezi mitatu kabla, ili wananchi wasikae roho juu. Mkurugenzi wetu, Daktari Pazi, alikuwa akituambia kila Jumatatu kwamba kuna nchi ambazo watu hupiga kura kisha wanangoja siku tatu bila kujua nani kashinda. "Mateso hayo," alikuwa akisema, "sisi hatuwezi kumpa mwananchi wetu."

Rais wetu, Mtukufu Hamduni Kitojo, Mpendwa wa Taifa, alikuwa ameshinda mara saba. Mara ya saba alipata asilimia tisini na tisa nukta mbili. Ile sifuri nukta nane niliiandika mimi kwa mkono wangu. Daktari Pazi aliniambia ni ya upinzani, kuonyesha kwamba upo.

*

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Mtukufu alikuwa njiani kwenda kufungua daraja. Alikuwa amekwisha kulifungua mara mbili, ila sasa lilikuwa limepakwa rangi. Mimi nilikuwa kwenye gari la nane, kwa sababu kila ziara ilihitaji karani wa kuandika idadi ya wananchi waliojitokeza. Idadi nilishaiandika tangu Alhamisi.

Tulipofika mtaa wa Kisimatatu, pembezoni mwa mji, msafara ukasimama. Barabara ilikuwa imejaa watu wanaocheza. Walikuwa wamembeba mama mmoja wa makamo juu ya kiti cha plastiki cha bluu, wamemfunika kanga tatu au nne, naye ameshikilia mikono ya kiti akiogopa kuanguka, huku anacheka na kulia kwa pamoja. Mbele yake akina mama walikuwa wanapiga madebe. Mzee mmoja mwenye mikono myeusi kwa grisi alikuwa ameshika mguu mmoja wa kiti na kuimba kuliko wote.

Niliitwa gari la kwanza. Mtukufu alikuwa ameegemea kioo cheusi, anatazama nje.

"Nani kawapangia hawa?" aliuliza.

Waziri wa Mapokezi na Shangwe akapekua karatasi zake. "Hawamo kwenye ratiba, Mtukufu."

"Fulana wamegawiwa?"

"Hawana fulana, Mtukufu. Wamevaa nguo zao."

Nikatumwa nikaulize. Nilipita katikati ya watu, nikaulizia, nikarudi mbio.

"Ni uchaguzi, Mtukufu. Wamemaliza kumchagua mwenyekiti wa kamati ya maji. Bomba lao ndilo lile pale."

"Kashinda nani?"

"Sikujua, Mtukufu."

"Si umetoka huko sasa hivi?"

"Ndiyo, Mtukufu. Sikujua."

Waziri akanikanyaga mguu. Ikabidi nieleze kwamba ndilo jina la yule mama: Sikujua Mtenga, mjane, muuza vitumbua.

"Kapata asilimia ngapi?"

"Kura sitini na moja kwa hamsini na nane, Mtukufu."

Nadhani hakuwahi kusikia matokeo madogo namna ile. "Kashinda kwa kura tatu," alisema, "na wanacheza hivi?"

"Wanacheza, Mtukufu."

"Na huyo mzee aliyeshika mguu wa kiti ni nani? Mumewe?"

"Huyo ni Mzee Ngwali, fundi baiskeli. Ndiye aliyeshindwa."

Mtukufu alishusha kioo upana wa vidole viwili. Watu walipita karibu kabisa, jasho linawatoka, na hakuna aliyegeuka. Hawakumdharau. Hawakumwona tu. Akapandisha kioo, na daraja halikufunguliwa siku ile.

*

Kuanzia hapo Daktari Pazi aliniazima Ikulu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimezungumza na watu wa Kisimatatu na kwa hiyo nilihesabika kuwa mtaalamu.

Niliyoyakuta yalinishangaza. Mtukufu alikuwa hali chakula. Chai ilikuwa inapoa mbele yake huku anauliza maswali: Kiti kile kilinunuliwa wapi? Wimbo ule ulitungwa na nani? Yule mama huwa anakula nini asubuhi? Alitaka kujua kama ana ndugu mganga. Kwenye ukuta nyuma yake zilining'inia picha saba za ushindi, kila moja na watu elfu moja wamenyoosha mikono kwa pembe moja, na sasa alikuwa amezigeuza zote zitazame ukuta.

Mkewe, Mama Nasra, ndiye mtu pekee nchini aliyeruhusiwa kumwambia jambo bila kuandika barua kwanza.

"Baba Nasra," alimwambia mbele yangu, akimega mkate, "unamwonea wivu muuza vitumbua."

"Mimi nimwonee wivu? Nina majeshi matatu."

"Ndiyo. Na donge limekukaa hapo kooni wiki nzima."

Alikana. Lakini mchana ule alitoa amri iandaliwe Sherehe ya Taifa ya Kubebwa. Wananchi elfu nne walikusanywa uwanjani. Kikatafutwa kiti cha bluu cha aina ile ile, zikatafutwa kanga, na akina mama mia mbili wakapewa madebe mapya. Waziri wa Mapokezi alitoa hotuba ya saa moja na nusu. Alisema historia ya binadamu ina vipindi viwili, kabla ya Mtukufu kubebwa na baada ya kubebwa, na kwamba sisi tulikuwa na bahati ya kusimama katikati. Kisha Mtukufu akabebwa, akazungushwa uwanja mzima, akashushwa.

Alipofika kwenye gari aliniuliza, "Mfaume, ulisikia?"

"Nilisikia nini, Mtukufu?"

"Mabega yao. Yalikuwa yanatetemeka."

Sikumwambia kwamba walikuwa wameonywa kuhusu atakayemdondosha. Nilidhani analijua, kwa sababu onyo lilikuwa na saini yake.

*

Kesho yake alinitaka nimweleze, hatua kwa hatua, walifanya nini Kisimatatu ambacho sisi hatukufanya. Nilikuwa nimekwisha kurudi kule na daftari, basi nikamsomea. Kila mwenye dumu linalojulikana bombani alipewa kipande cha karatasi. Aliingia nyuma ya pazia la kanga peke yake, akaandika jina, akatumbukiza kwenye ndoo yenye mfuniko. Walipomaliza, ndoo ikamwagwa mezani na karatasi zikasomwa moja moja kwa sauti, watu wote wakihesabu.

"Na kabla ya kumwaga ndoo," aliuliza, "nani alikuwa anajua matokeo?"

"Hakuna, Mtukufu."

"Hata yeye mwenyewe?"

"Hata yeye. Wanasema alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu inacheza, hawezi hata kunywa maji."

Mtukufu alisimama akaenda dirishani. "Mimi nimeshinda mara saba," alisema, "na sijawahi kuchezwa na miguu." Alisema kama mtoto anayeeleza kwamba wenzake walipelekwa baharini akaachwa. "Nataka hicho. Nataka nishinde kwa kura tatu, za kweli, zisizojulikana. Na nataka nimshinde yeye."

Waziri akatumwa Kisimatatu kumwomba Bi Sikujua aachie kiti. Nilikwenda naye. Bi Sikujua alikuwa anageuza vitumbua na hakuacha.

"Katiba yetu ina kurasa mbili," alisema. "Anayetaka uenyekiti agombee. Awe mkazi wa hapa, na awe amechota maji hapa siku thelathini mfululizo, kwa foleni. Mkutano wa wanachama ukikubali uchaguzi urudiwe, mimi sina neno."

"Unajua unamzungumzia nani?" waziri aliuliza.

"Namjua. Picha yake iko kwenye kila duka. Ila bombani sijamwona."

Lazima nieleze hapa kwamba Bi Sikujua hakuwa ameshinda kwa sababu ya vitumbua. Kwa miaka sita, Jumanne na Ijumaa, bomba la Kisimatatu lilikuwa likikauka kuanzia asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa siku hizo maji yalipelekwa kwenye bustani ya mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa amepanda majani ya kutoka nje na bata bukini wanane. Bi Sikujua aliahidi kwamba akichaguliwa ataifunga koki ya pembeni inayopeleka maji bustanini na ufunguo atalala nao. Akachaguliwa, akaifunga. Mkuu wa wilaya aliposikia kwamba Mtukufu anagombea, alimletea Mtukufu maua.

*

Mtukufu alihamia Kisimatatu, chumba na sebule, nyumba ya tatu kutoka bombani. Mimi nilipewa chumba cha nyuma.

Siku ya kwanza alitoka na dumu jipya la njano, akakuta foleni ya watu arobaini, wote vijana, wote wamenyoa kwa mtindo mmoja, wote wana ndoo zenye bei bado imebandikwa. "Tangulia, Mtukufu," walisema kwa pamoja. Akatangulia, akajaza, akageuka na uso wa mtu aliyefanikiwa. Wakazi halisi walikuwa wamezuiwa ng'ambo ya barabara.

Bi Sikujua alikuwa amekaa na daftari lake. "Siku hii siihesabu," alisema. "Hapo hujapanga foleni, baba. Hapo umepita."

Nilidhani dunia itaisha. Lakini Mtukufu alitamani kile kiti kupita kiasi. Akawaambia wale vijana waondoke, na kesho yake akasimama nyuma ya watu kumi na tisa, mimi nyuma yake na dumu langu, saa kumi na mbili asubuhi.

Wiki ya kwanza watu walinyamaza akifika. Wiki ya pili wakaanza kusahau. Siku ya kumi na mbili mama mmoja alimgusa begani akamwambia, "Sogea mzee, unaziba," naye akasogea, kisha akaniangalia kama aliyepewa zawadi. Lakini siku hiyo hiyo nilimwona jinsi alivyokuwa akimtazama Bi Sikujua. Watu walikuwa wakimwamkia yule mama kwa jina, wakimweleza mtoto kapona, mkwe karudi, jino limeng'olewa. Hakuna aliyesoma kwenye karatasi. Mtukufu alisimama na dumu lake kama mtu aliyekuja kwenye harusi ya aliyemkataa.

"Wanamwambia hadi habari za meno," aliniambia tukirudi.

"Nawe ungependa wakuambie, Mtukufu?"

"Wangeniambia jino lolote, ningesikiliza."

Siwezi kujifanya kwamba mimi nilikuwa salama. Miaka kumi na moja niliandika kura za mamilioni ya watu, na sikuwahi kupiga yangu, kwa sababu siku ya uchaguzi Idara huwa na mapumziko. Nilikuwa nawatazama wale watu, ambao kila mmoja alikuwa na moja kati ya kura zile mia moja na kumi na tisa, na nikasikia roho inaniuma namna ambayo sikuitegemea. Siku ya thelathini Bi Sikujua alifunga daftari akasema, "Mzee Kitojo, umetimiza. Na wewe Mfaume umetimiza. Mtapiga kura wote wawili." Nililala na maneno hayo siku nne.

*

Wanachama walikubali uchaguzi urudiwe, na mkutano wa kampeni ulifanyika bombani. Mtukufu aliongea kwanza. Alisema maji ni uhai na yeye ni mlezi wa uhai. Alisema akiwa mwenyekiti, Kisimatatu itakuwa na maji ya kisasa, shirikishi na endelevu. Waziri alipiga makofi peke yake, kisha akaacha.

Bi Sikujua alisimama na mikono yake yenye unga. "Mimi nitafungua saa kumi na moja na nusu alfajiri kama sasa. Mpira ukipasuka nitamwita Mzee Ngwali. Sina lingine." Kisha akamgeukia mpinzani wake. "Mzee, nina swali. Ukishinda, ile koki ya bustani itabaki imefungwa?"

Mkuu wa wilaya alikuwa amekaa mstari wa mbele. Mtukufu alimwangalia, akaangalia watu, akafungua mdomo.

"Suala hilo," alisema, "serikali italiangalia."

Watu hawakuzomea. Waliitikia kwa kichwa kwa upole, kama mtu aliyeuliza njia akajibiwa na mgeni mwenzake.

Jioni Daktari Pazi alikuja na gari, akaniita pembeni, akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na fomu yetu ya kawaida, yenye mhuri: Kitojo 62, Mtenga 59.

"Lakini Mtukufu amesema kura zisiguswe," nilimwambia. "Amesema atakayezigusa atamfukuza."

"Bwana Mfaume, amesema anataka ushindi wa kweli wa kura tatu. Huu ni wa kweli na ni wa kura tatu. Wewe kesho nikikuita unaniletea fomu. Kama huji, usirudi ofisini, na nyumba ya serikali uitoe."

Nina mke na watoto watatu. Niliiweka bahasha mfukoni.

*

Kura zilipigwa Jumapili. Nilipanga foleni, nikapewa karatasi yangu, nikaingia nyuma ya kanga. Mle ndani palikuwa na kimeza, penseli imefungwa kwa uzi, na harufu ya sabuni ya kanga. Nilikaa muda mrefu, mpaka mtu akaniuliza kama nimeugua. Niliandika, nikakunja, nikatumbukiza.

Mtukufu aliingia baada yangu na akakaa zaidi yangu. Alipotoka alikwenda kukaa kwenye jiwe karibu na bomba, kando ya Bi Sikujua, na nikaona magoti yake yanacheza. Alikuwa anayatazama kwa furaha kubwa.

Ndoo ikamwagwa. Mzee Ngwali akavaa miwani, akasoma. "Sikujua." Watu wakasema, "Moja." "Sikujua." "Mbili." Ilipofika kumi na saba ndipo likatoka la kwanza, "Kitojo," na watu wakasema "Moja" kwa sauti ile ile waliyotumia kwa mwenzake, bila kuongeza wala kupunguza. Mtukufu alifumba macho. Nadhani ndiyo namba tamu kuliko zote alizowahi kusikia. Tulihesabu mpaka jua likatuchoma. Mwisho Mzee Ngwali akavua miwani: Sikujua mia moja na kumi na saba, Kitojo nne.

Hapo Daktari Pazi akasimama, akanipungia kidole. Nilibaki nimesimama. Nilimtazama kama mtu asiyemjua. Akaja mwenyewe, akaingiza mkono mfukoni mwangu mbele ya watu wote, akatoa bahasha.

"Baada ya uhakiki," alisoma, "Mtukufu Hamduni Kitojo, kura sitini na mbili. Sikujua Mtenga, hamsini na tisa. Namtangaza Mtukufu kuwa mshindi."

Mkuu wa wilaya alianza kupiga makofi. Bi Sikujua alishika ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akaufunika kwa kiganja, na nilimwona anawatazama watoto wenye ndoo waliokaa mstari wa mbele.

"Tunaweza kuzihesabu tena," Mzee Ngwali alisema taratibu. "Ziko hapa mezani. Sisi hatuna haraka."

Mtukufu alinyoosha mkono, akapewa ile fomu, akaisoma. Sitini na mbili kwa hamsini na tisa, kura tatu kamili alizoziota. Alikuwa na askari kumi na wawili nyuma yake na sheria zote mfukoni. Akainua macho, akawangoja watu. Watu walikuwa wamesimama.

"Mbona hawachezi?" aliuliza.

"Hatujaambiwa, Mtukufu," alijibu Mzee Ngwali.

Mtukufu aliikunja ile fomu mara nne, akaitia mfukoni. Akasema, bila kumtazama mtu, "Kaa chini, Daktari. Mwenyekiti ni huyu mama."

Ndipo wakacheza. Wakatafuta kiti, wakambeba, wakazunguka naye bombani, na Mtukufu akabaki kwenye jiwe anawatazama, anameza mate kama mtu mwenye njaa anayepita jikoni kwa watu.

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika: Mtukufu Ashika Nafasi ya Pili kwa Kishindo.

Wiki hiyo hiyo Ikulu hapakukalika. Mtukufu alikuwa amesema mezani, kwa sauti ndogo, kwamba angependa kuwajua wale wanne. Kufikia Alhamisi mawaziri thelathini na mmoja walikuwa wamekiri, kila mmoja kwa siri, kwamba ni miongoni mwao, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa na dumu Kisimatatu. Waziri wa Ulinzi alimshtaki Waziri wa Mifugo kwa kumwibia kura aliyompigia Mtukufu. Mkuu wa wilaya alileta mashahidi. Waliangaliana kwa chuki kwenye korido, kila mmoja akimwonea kijicho mwenzake akidhani ndiye aliyeaminiwa.

Ijumaa aliniita. Alikuwa peke yake, na Mama Nasra alikuwa anafuma kitambaa pembeni.

"Mfaume, wewe ulipiga kura kweli. Ulikuwa mmoja wa wale wanne?"

Nilikuwa nimemtumikia miaka kumi na moja. Nilikuwa na jibu lililomfaa, na lilikuwa rahisi, na nyumba ya serikali ilikuwa ndani yake. Lakini nilipotaka kulisema nilikumbuka kile kimeza na ile penseli, na nikaona kwamba nikilitoa sitabakiwa na kitu.

"Kura ni siri, Mtukufu," nilisema.

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Mama Nasra aliacha kufuma. Mtukufu alinitazama sana, na wivu uliokuwa usoni mwake sikuwahi kuuona hata alipokuwa akimtazama Bi Sikujua, kwa sababu yule alikuwa na kiti tu. Kisha akasogeza kiti chake karibu.

"Wewe unadhani ni watatu na mimi wa nne," alisema. "Sivyo. Ni wanne. Mimi sikujipigia."

"Ulimpigia nani, Mtukufu?"

"Nilipoingia mle ndani hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikajiuliza nani ataamka saa kumi na moja na nusu. Nikaandika jina lake." Akacheka kidogo, akaacha. "Basi wako wanne. Watu wanne, bila kuambiwa."

Nilijiona nina ujasiri, nikauliza, "Sasa mwakani, Mtukufu, kwenye uchaguzi wa nchi, si tungefanya vile vile?"

Alinishangaa. "Mwakani ni nchi, Mfaume," alisema. "Kule yalikuwa maji. Watu wangekufa kiu."

*

Sikurudi Idara ya Matokeo. Nilihamishiwa Idara ya Kumbukumbu za Mvua, ambako namba huandikwa baada ya mvua kunyesha, na mwanzoni ilinipa shida. Nyumba ya serikali niliitoa. Mke wangu alinuna mwezi mmoja. Tulipanga vyumba viwili Kisimatatu, na Jumanne na Ijumaa maji yanatoka. Mkuu wa wilaya alijaribu kuifungua ile koki mara moja, lakini hakupata askari wa kumsindikiza, kwa sababu hakuna aliyetaka kumgusa mtu aliyemshinda Rais na Rais akakubali. Bata bukini wake aliwauza.

Mwaka uliofuata ukafika uchaguzi wa nchi. Saa mbili asubuhi tulikuwa tumepanga foleni bombani, kituo chetu kikiwa pale pale, na Bi Sikujua akiwa msimamizi kwa sababu Tume haikuwa na mtu mwingine. Hata watu kumi walikuwa hawajapiga kura. Redio iliyokuwa dukani ikakatiza muziki, na Daktari Pazi akatangaza kwamba Mtukufu Hamduni Kitojo ameshinda kwa asilimia tisini na tisa nukta nne. Ikafuata sauti yake Mtukufu anashukuru. Aliisoma shukrani yote bila kituo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

Wengine kwenye foleni waliangaliana. Mmoja aliuliza kama twende nyumbani.

Bi Sikujua alimwomba mwenye duka azime redio, kwa kuwa ilikuwa inamzuia kusikia majina ya watu. Kisha akainua daftari, akaita anayefuata, na anayefuata nilikuwa mimi.